Gari la Kumpandisha Mama Mkwe

Hapa Kwemtindi, ukitaka kuwajua mafundi wa magari, tangaza tu kwamba unanunua gari. Asiyewahi kumiliki hata baiskeli ataweka jembe chini akufundishe. Mimi walinifundisha mwaka mzima. Walinifundisha nje ya kanisa, kwenye msaragambo tunapochimba mitaro ya barabara, hata msibani watu wakiwa bado wanafuta machozi. Na wote wimbo wao ulikuwa mmoja: fo wili. "Mwalimu, usidanganyike. Huku milimani chukua fo wili, gari linalosukuma magurudumu yote manne. Hayo mengine ni ya watu wa Dar es Salaam."

Mimi nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari pale Lushoto mjini, na msuguano ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote. Kwa hiyo nilikuwa na jibu, na jibu langu halikumpendeza mtu. Niliwaambia hivi: kutoka shuleni mpaka pale tunapoiacha barabara ya Shume, sehemu kubwa ni lami, na penye vumbi pameshindiliwa kifusi kizuri. Utelezi wenyewe uko mahali pamoja tu, Kilima Mbao, kile kipande cha udongo mwekundu kinachopanda kuja kijijini, kilichopata jina kwa sababu malori ya mbao yalikuwa yakikwama pale na kupakuliwa nusu. Na hicho nacho kinateleza masika, na vuli ikiwa mbaya. Sasa gari la fo wili halijui kwamba leo ni kiangazi. Linabeba difu yake ya nyuma na shafti yake kila siku ya Mungu, kwenye lami, kwenye jua, kwenda na kurudi, na kila siku linakunywa mafuta kwa ajili ya kilima ambacho siku hiyo kimekauka. Kuna akili gani hapo?

"Kuna akili ya mama," alisema mke wangu, Evelina.

Na hapo ndipo palipouma. Mama yake Evelina, Bibi Scholastica, anaishi peke yake kwenye nyumba yake, juu kidogo ya kwetu. Ana sukari na presha, na kila mwezi lazima ateremke hospitali Lushoto. Alikuwa akiteremka kwa bodaboda. Masika iliyopita bodaboda iliteleza pale Kilima Mbao, akaangukia nyonga, tukambeba hadi nyumbani kwenye machela. Mungu alimwachia mifupa yake, lakini kaka yake Evelina, Abrahamu, alipanda kutoka Tanga siku ya pili. Abrahamu si mtu wa kupayuka. Alikunywa chai yake, akasema kabla ya masika nyingine kuwe na gari linalopanda kilima kile mvua inyeshe isinyeshe, la sivyo atamchukua mama akakae naye Tanga.

Mimi nililisikia lile kama swali la mtihani. Evelina alilisikia kama wizi. Tangu siku hiyo nikitamka neno "mafuta" yeye anasikia "Tanga", na tukawa tunabishana juu ya gari kumbe tunabishana juu ya mama.

"Mama hataki kwenda Tanga," aliniambia zaidi ya mara moja. "Amesema nikwambie, yeye huku hatoki."

Hapa inabidi nieleze jambo, maana wageni hulishangaa. Ukoo wa mke wangu unashika ukwe wa kizamani. Mimi na mama mkwe hatupeani mikono, hatuli meza moja, hatutazamani usoni. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba akiitazama migomba. Akiwa na neno kwangu linapita kwa Evelina, hata kama mimi nimekaa hapo hapo. "Evelina, mwambie baba Yudith mlango wa banda lake umelegea." Baba Yudith ndiye mimi, kwa jina la binti yetu aliye shule ya bweni. Nimesikia, lakini nasubiri Evelina aniambie, kisha namwambia Evelina amwambie mama ahsante. Watu wa mjini hucheka. Sisi hatucheki, tumezoea, na kusema kweli kuna raha yake, maana mtu hawezi kugombana na mtu asiyesema naye. Tangu nimuoe binti yake tumekuwa majirani wa kuchungulia moshi wa jiko, na ungeniuliza pua ya mama yule ikoje nisingeweza kukwambia. Na nampenda, nasema wazi. Wakati wa njaa ya mshahara kuchelewa, magimbi yake yalikuwa yanaingia jikoni kwetu bila mtu kuombwa wala kushukuriwa.

Basi, dalali wangu alikuwa Jafari, niliyemfundisha zamani na ambaye mada ya msuguano ilimshinda kabisa. Alikuwa na magari mawili ya Kijapani yaliyofanana kama pacha. Jeupe linavuta kwa magurudumu ya mbele tu. La bluu ni fo wili.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa vipimo," aliniambia. "Kaa na jeupe siku nzima, ukalipime huko kwenu. Likikushinda, la bluu lipo."

Siku aliyonipa ikaangukia siku ya kliniki ya mama. Na siku hiyo hiyo Evelina alikuwa na kabeji zake za kupakia Shume, lori la wachuuzi limeshafika, hawezi kuondoka. Kwa hiyo ikawa mimi na mama mkwe, gari moja, bila mtu wa katikati. Evelina alitazama mawingu, akanitazama mimi.

"Likikwama, ole wako umwambie mama asukume," alisema.

Kuteremka hakukuwa na tatizo. Mama alikaa nyuma, upande wa kushoto, kanga ya kichwani imeshuka hadi kwenye nyusi, kimya kabisa. Nilikichukulia kimya kile kuwa ni heshima. Wakati yuko kliniki nilipita gereji kwa Athumani kumuuliza fo wili inaharibika wapi, akanijibu kwa furaha iliyonitia wasiwasi: "Mwalimu, mwaka wa kwanza ni raha yako. Mwaka wa pili ni raha yangu." Nikaona nimepata shahidi. Tuliporudi, mvua ilianza kabla hatujaimaliza lami, na gari jeupe likaenda vizuri hivi kwamba nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia Evelina jioni.

Kisha tukafika Kilima Mbao.

Nilikiingia kwa mwendo. Tukapanda mpaka karibu na kona, pale ngema iko kulia na kushoto ni bonde la mashamba ya karoti. Hapo magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bure. Gari likalia, likatoa harufu ya mpira, pua yake ikaanza kwenda upande wa bonde polepole, kwa upole wa kutisha. Nikaliachia lirudi chini taratibu kwa breki. Nikajaribu tena. Ikawa vilevile, ila safari hii pua ilikwenda mbali zaidi.

Nikazima injini nikafikiri. Mlimani uzito unarudi nyuma, ndiyo maana magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na haya ndiyo yanayovuta. Lakini injini iko mbele. Ukiligeuza gari likapanda kinyumenyume, injini inakuwa upande wa chini, uzito wote unakandamiza magurudumu yale yale yanayofanya kazi. Niliyasema haya kwa sauti, maana ualimu ni ugonjwa. Nyuma nikasikia:

"Evelina, mwambie baba Yudith afanye anavyojua."

Evelina alikuwa Shume juu ya kabeji.

Nikaligeuza pale chini kwenye uwanja yalipokuwa yakipakuliwa malori, nikaweka rivasi. Kamera ya nyuma ilikuwa imekufa zamani, na vioo vya pembeni vimejaa tope. Njia ya kuona ilikuwa moja, kugeuza kiwiliwili na kutazama kupitia kioo cha nyuma. Nikageuka, na katikati yangu na kioo cha nyuma akawa mama mkwe.

Alielewa wakati ule ule nilioelewa mimi. Akavuta kanga ikafunika uso wote, akainamia kando, na kwa kuinama kwake kioo kikazibika zaidi. Mimi nikageuka mbele haraka, shingo ikiniwaka kwa aibu, mtu mzima na shahada yangu. Nikasema nitapanda kwa kukisia. Nikakisia vibaya. Gurudumu la nyuma liliingia ukingo wa mtaro, gari likaegemea, na mama akapiga yowe.

Nikashika breki. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari hata sikuwa na hakika kama ninachosikia ni kweli. Lakini alikuwa ameiteremsha kanga, na alikuwa anasema na mimi. Si na Evelina. Na mimi.

"Niangalie, baba. Tusije tukafa hapa kwa ajili ya heshima."

Nikamwangalia. Ana kidoti cheusi karibu na pua. Ana macho ya Evelina, yale yale ambayo yakiniangalia nyumbani nakosa hoja. Na alikuwa anaogopa, midomo inatetemeka kwa sala, mkono umekishika kishikio cha mlangoni hadi mishipa imesimama. Nikasogeza gari mbele kidogo litoke mtaroni, kisha nikaanza kupanda kinyumenyume, taratibu, gia ikinguruma. Kioo na uso wake vilikuwa pamoja, sikuweza kukitazama kimoja nikaacha kingine. Magurudumu yakashika. Fizikia yangu ilikuwa sahihi, na sikufurahi hata chembe.

"Shikilia, mama," nilimwambia tulipoifikia kona.

"Kila mwezi nashikilia," akasema.

Juu, penye mikaratusi, kuna mahali tambarare. Nikasimama hapo, nikavuta breki ya mkono. Nilipotaka kugeuka mbele, akanizuia.

"Ngoja. Kwa kuwa umeshaniona, acha niseme, maana kesho sitaweza."

"Sema, mama."

"Gari hili unalonunua. Lenye nguvu na lisilo na nguvu. Wanasema ni kwa ajili yangu."

"Ni kwa ajili yako. Evelina amesema hutaki kwenda Tanga."

"Evelina hakuniuliza. Alikuja akaniambia, mama, wewe hutaki kwenda Tanga, sivyo? Nikanyamaza. Akakichukua kile kimya akakuletea wewe." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mimi nataka kwenda, baba. Mwezi wa saba baridi ya huku inaingia kwenye nyonga hii silali. Nyinyi mnatoka asubuhi, mnarudi jioni, nakaa na moto mchana kutwa. Abrahamu ana watoto wadogo. Kule mtoto ataniita. Na hospitali nitakwenda kwa miguu, nisipite kilima hiki nikiwa nimefumba macho."

"Kwa nini hujamwambia mwanao?"

"Wenzake wote walishuka. Yeye peke yake alibaki kwa ajili yangu. Nikimwambia nataka kwenda, ataona miaka yote hiyo nimeitupa." Akakunja ncha ya kanga. "Siku zote yeye ndiye amebeba maneno yangu kwako. Hili libebe wewe kwake."

Kisha akaivuta kanga hadi kwenye nyusi, akageukia dirisha. Nililigeuza gari nikampeleka mpaka mlangoni kwake, na aliposhuka alimwambia Evelina asiyekuwepo amwambie baba Yudith ahsante.

Evelina alirudi saa kumi, gauni limelowa, amefurahi kwa sababu kabeji zimekwenda zote. Nilimngoja anywe chai. Sikujua njia ya kulizunguka neno lile, kwa hiyo nikalisema lote, kuanzia kwenye mtaro hadi kwenye mikaratusi. Alinisikiliza bila kupepesa macho. Nilipomaliza aliweka kikombe chini.

"Umemgeuza mama," alisema.

"Evelina."

"Umemgeuza kwa ajili ya mafuta! Mwaka mzima hutaki fo wili, hutaki fo wili. Leo umempata peke yake, umemtisha kwenye utelezi, umemjaza maneno. Mama hasemi na wewe! Hajawahi kusema na wewe! Leo ndiyo akueleze wewe mambo ya moyoni mwake, mimi nikiwa hai?"

Niliumia, lakini ningekuwa yeye ningesema hayo hayo. Mimi ndiye mtu pekee kijiji kizima niliyekuwa na faida mama akiondoka. Ungetafuta mjumbe mbaya kuliko mimi usingempata. Nilimwambia kitu kimoja tu, aende akamuulize, na safari hii aulize kisha angoje jibu.

Akapanda kwa mama yake na gauni lile lile la kulowa. Mimi nilikaa kibarazani nikatazama moshi wa jiko la mama, ukitoka, ukififia, ukitoka tena mtu alipochochea kuni. Nilikuwa nimeshinda hoja. Gari jeupe lilikuwa linatosha, kwa lami yangu na kifusi changu, na kilima tulichokigombania hakikuwa tena na mtu wa kukipanda kwa lazima. Mimi siku ya mvua naweza kuliacha gari chini kwa Nikodemo mwenye duka nikapanda kwa miguu. Kila nilichokisema mwaka mzima kilikuwa kweli, na moyo wangu ulikuwa mzito hata nikatamani nishindwe.

Aliporudi jua lilikuwa linataka kuzama. Alikaa kando yangu kwenye gogo, akazungusha kipande cha kanga mkononi. Macho yalikuwa yamevimba.

"Ni kweli," alisema. "Amesema alitaka kwenda tangu baba alipofariki. Tangu wakati huo, baba Yudith. Mimi nikidhani namlinda."

Nilimshika mkono, naye akauacha ushikwe.

"Ana hofu na kile kilima," aliendelea. "Mimi namuona kila siku, yeye ndiye aliyenizaa, sikuijua hofu yake. Wewe umemtazama mara moja."

"Ningekuwa na gari la bluu nisingemtazama," nilisema. "Tungepanda tu."

Alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kuchoka. Tukakaa. Chini bondeni watu walikuwa wanafunga mifereji ya bustani zao, na mama juu alikuwa anaita kuku.

"Atakwenda baada ya mavuno ya maharage," Evelina alisema. "Abrahamu atakuja kumchukua."

"Sawa."

"Na wewe nenda kesho kwa Jafari ukachukue la bluu."

Nilimgeukia. Nilidhani hajaelewa. Nikaanza kumweleza, kwa sauti ya chini kabisa niliyonayo, kwamba sasa sababu haipo, kwamba mama atakuwa Tanga, kwamba mimi mwenyewe…

"Baba amezikwa pale juu kwenye migomba," alinikatisha. "Mama ameniambia leo kwamba anakwenda, lakini mahali pake pa kulala ni kando ya baba. Siku ya kumrudisha ikiwa masika, tutampandisha na nini? Tumwache chini kwa Nikodemo?"

Nililia. Mwanamume wa Kishambaa hapendi kuonekana akilia kibarazani, lakini nililia, na Evelina alinifuta kwa ncha ya ile kanga kisha akajifuta mwenyewe.

Asubuhi niliteremka na gari jeupe, likiwa na tope hadi kwenye madirisha. Jafari alilizunguka akicheka.

"Mwalimu, limekushinda?"

"Halikunishinda. Lilipanda."

"Sasa la bluu la nini? Si wewe uliyeniambia fo wili ni kulisha kilima kisichokuwepo? Njia yako lami tupu."

"Kuna mtu wa kumpandisha," nilimwambia.

"Lini?"

"Sijui," nilisema, nikachukua ufunguo wa la bluu. "Namwomba Mungu lichakae kwanza."